Kiti Kidogo cha Udongo

Wenzangu, msicheke. Likizo iliyopita nilimfinyangia mdogo wangu kiti na kitanda vya mwanasesere wake, urefu wa kidole tu. Nilivianika juani, kisha nikavichoma siku ile ile. Vikapasuka vyote, naye akalia.

Bibi yangu, mfinyanzi wa Ikombe, akasema, "Mjukuu wangu, udongo hautaki haraka." Akanionyesha kukwaruza mahali pa kuungia miguu, kupaka uji wa udongo, na kukausha kivulini mpaka vikauke kabisa. Kiti cha pili kipo mpaka leo.

Ng'ambo watu hununua udongo wa plastiki kwa kazi hii, wakauoka kwa nyuzi 130 hivi za Selsiasi. Sisi tunao udongo wetu, na walimu tunao: wanawake wa Kikisi, ambao vyungu vyao husafirishwa mbali na ziwa hili. Lakini ustadi huo twauita mchezo wa watoto, au kazi ya wanawake, na wazee wetu wanaondoka nao.

Maoni yangu ni kuwa shule itutengee kipindi kimoja kwa juma, na mfinyanzi aalikwe kutufundisha, wavulana kwa wasichana. Walimu na wazazi wetu, mnasemaje?