Je, George alikuwa na haki ya kumuua Lennie?



Wengi waliosoma kitabu cha John Steinbeck, "Des souris et des hommes", kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1937, wanasema ya kama George alifanya vizuri kumuua rafiki yake Lennie, kwa sababu alimuua kwa huruma. Mimi ninakataa. Munisikilize kwanza.

George na Lennie ni watumikaji masikini wa mashamba kule California, Marekani. Lennie ana nguvu sana, lakini akili yake ni ya mutoto. Anapenda kupapasa vitu laini: panya, mbwa mudogo, nywele. Siku moja anashika nywele za bibi ya Curley. Bibi anapiga kelele, Lennie anaogopa, anamuvunja shingo. Curley, mutoto wa bwana shamba, anamutafuta na bunduki. George anatangulia. Anamukuta Lennie kando ya muto, anamuambia atazame ngambo na kuwaza lile shamba lao la sungura. Halafu anamupiga risasi nyuma ya kichwa.

Ni kweli, George alimupenda. Ni kweli tena, Curley alitaka kumuua vibaya zaidi. Lakini Lennie hakuwa mugonjwa. Hakuwa na maumivu. Hakuomba kufa. Saa ile alikuwa anacheka kwa furaha! Nani alimuuliza?

Mbele ya hayo kuna habari ya mbwa muzee wa Candy. Carlson alisema ananuka, hana faida tena, akamupeleka inje na kumuua. Bastola ile ile ndiyo George alichukua kwa kumuua Lennie. Na Candy mwenyewe, muzee mwenye kukatika mukono, anasema afazali naye apigwe risasi siku watakapomufukuza kazi. Munaona? Neno lilianza kwa mbwa, likagusa muzee, likaishia kwa mwenye akili pungufu. Tena wanaliita huruma.

Katika 2 Samweli 1, kijana Mwamaleki anamuambia Daudi ya kama alimumaliza Saulo aliyekuwa anaumia, na Saulo mwenyewe ndiye aliomba. Daudi hakumushukuru, alimuhukumu. Mutu atasema: Saulo alikuwa mufalme aliyepakwa mafuta. Ndiyo, lakini amri ya sita haikuandikwa kwa wafalme tu. Na Lennie hakuomba hata kidogo.

Simuweki George pamoja na wauaji wenye chuki. Alibaki peke yake, na watu wa shamba lile hawakumusaidia kutafuta njia ingine. Wao nao wana sehemu katika zambi ile. Lakini kumusikitikia mutu ni neno moja, kusema alikuwa na haki ni neno lingine.

Sisi nasi tuko na wenye akili pungufu katika mitaa yetu. Watoto wanawatupia mawe, wakubwa wanacheka. Huruma ya kweli ianzie pale, wakati mutu angali muzima: kumutetea, kumupa kazi anayoweza, kukaa naye. Tukingoja mupaka siku ya bunduki, tumechelewa.

Wenye mawazo mengine waandike, tutayasoma.

Mwanafunzi wa darasa la tano