Mwalimu Naye ni Mwanafunzi

Yuko mwalimu ambaye akirudi kutoka mafunzoni hubadili kazi yake darasani kesho yake. Na yuko mwingine ambaye hulifungia daftari lake kabatini, akafundisha kama alivyofundisha jana. Wote wawili walikaa chumba kimoja, wakamsikiliza mkufunzi mmoja. Je, tofauti hiyo yatoka wapi?

Wengi husema upesi kwamba huyu wa pili ni mvivu. Mimi sikubali. Mwalimu wa makamo alisomeshwa katika utaratibu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Kisha mwaka 2019 mtaala wa umilisi ukaanza katika madarasa ya chini nchini kote, naye akatakiwa aufundishe. Akisita, hufuata wosia wa wazee: usiache mbachao kwa msala upitao. Kijana atokaye chuoni hana mbacha wa kuuacha, kwa hiyo hupokea upesi. Lakini kupokea upesi si dalili ya kuelewa.

Tena kuna jambo la fedha. Mafunzo ya kuendeleza walimu yalipoanzishwa mwaka 2021, kila mwalimu alitakiwa alipe shilingi 6,000 kwa mwaka, na vyama vya walimu vikapinga. Mtu anayelazimishwa kununua elimu haitazami kwa jicho la yule aliyeitafuta mwenyewe.

Yafaa tujifunze kwa waliotutangulia. Katika shule ya Jeanes, iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925, walimu walifundishwa wapate kuzunguka katika shule za vijijini na kuwasaidia wenzao mahali pao pa kazi. Mpango wa Tusome, ulioenea katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 2015, ulishika njia iyo hiyo: maofisa wa elimu walimtembelea mwalimu darasani, wakamsikiliza akifundisha watoto kusoma, kisha wakashauriana naye.

Basi, shauri langu kwenu walimu wakuu ni hili: msihesabu vyeti peke yake. Mwenzenu akirudi kutoka mafunzoni, ngojeni juma moja, kisha mwingie darasani mwake, mkae nyuma kwa adabu, mmwulize lililomfaa na lililomshinda. Anayesita atapata nafasi ya kutaja sababu yake, na aliyepokea upesi atajijua kama ameelewa. Mkulima hapandi akaenda zake. Hurudi shambani kutazama.