Kiini cha Dhahabu, Mwalimu Handsome na Mdada wa Karasha

Kuna mdada pale Rwamgasa, jina kapuni, mchana kutwa yuko kwenye vumbi la karasha, lakini ukimkuta na simu hayupo kwenye umbea wa mastaa. Anasoma riwaya ya Kichina, sura ya mia tatu na ushee, kwa Kiingereza cha kuungaunga, na bando likiisha anakosa raha kama kaachwa. Masela wa kijiweni wanamcheka eti anasoma uchawi wa Wachina. Kwa hili masela wamechemka.

Riwaya zenyewe zinaitwa xianxia. Kwa wasiozijua, mchezo uko hivi: binti yatima, hana jina wala ukoo wa maana, anapanda mlimani kujiunga na chuo cha watu wanaotafuta kutokufa. Anafagia, anachota maji, anadharauliwa. Taratibu anakusanya nguvu mwilini, anapanda ngazi moja baada ya nyingine. Kuna ngazi ya kuvuta pumzi ya ulimwengu, kuna ya kujenga msingi, kisha ile ambayo wengi hukwama, jindan, yaani Kiini cha Dhahabu.

Hapo ndipo Rwamgasa inapoingia. Hilo neno "dan" asili yake ni jiwe jekundu ambalo ndani yake mna zebaki. Wachina wa kale walilipika kwenye moto wakitafuta dawa ya kuishi milele. Inasimuliwa kwamba mfalme Qin Shi Huang alimeza vidonge vya namna hiyo, na ukweli ni kwamba alifariki mwaka 210 kabla ya Kristo, hata miaka 50 hajafikisha. Dhahabu, moto na zebaki. Sasa hapo mtu wa Geita anahitaji kuelezwa nini? Mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, ulioanza 2002, ulikuja kufanya kazi Rwamgasa hiyohiyo, kwa sababu watu walikuwa wanachoma zebaki kienyeji na mvuke wote unaishia kifuani. Kwenye riwaya shujaa akipika dawa kunanukia maua siku tatu. Mwandishi angefika mwaloni siku moja tu, angebadilisha hiyo sura.

Na wale wanaohangaika kutafsiri hizi hadithi wakiandika "kulima nguvu", kama vile mtu analima mihogo, wapumzike. Neno lipo, ni kuchenjua. Unaponda, unaosha, unachoma, unabaki na kidogo kinachong'aa. Binti anajichenjua. Imeisha hiyo.

Kinachomvuta mdada wa karasha si mapanga ya kuruka angani. Machimboni bado kuna wanaoamini mwanamke akiingia duarani dhahabu inakimbia. Kwa hiyo yeye ni wa juu: kuponda, kuosha, kupika, kuokoteza mabaki. Anabeba kiroba kizima, ila malipo yanahesabiwa na mwingine. Mtu wa namna hiyo akisoma habari za binti aliyeambiwa na wazee wa chuo kwamba hana kipaji, halafu miaka mia baadaye wazee haohao wanamwamkia, lazima akeshe.

Ila sasa, hizi riwaya zina tatizo moja kubwa na mashabiki hawataki kuambiwa. Mwalimu. Kila mahali kuna mwalimu mrefu, mweupe, nywele mpaka kiunoni, hacheki, na binti anampenda mpaka akili zinamruka. Chukua Hua Qiangu, ile iliyogeuzwa tamthilia mwaka 2015 na Zhao Liying akacheza binti. Yule mtoto anateswa, anafukuzwa kwenda uhamishoni, anapata nguvu za kutisha kuliko wote, na mwisho wa yote anakufa kwa upanga wa huyohuyo mwalimu. Mashabiki wanalia, wanaita mapenzi ya kweli.

Mapenzi gani? Huyo mwalimu ndiye anayempa chumba, chakula, elimu na adhabu. Rwamgasa mtu wa hivyo anajulikana, hana nywele ndefu tu. Ndiye mwenye duara, au mwenye karasha, anayeamua nani apewe mawe leo na nani arudi nyumbani mikono mitupu. Binti akianza kuitwa "mtu wake", hakuna anayeandika riwaya. Kinachofuata ni mimba na namba isiyopatikana.

Afadhali hata wasomaji wa China wenyewe wameshtuka. Jinjiang, tovuti kubwa ya riwaya iliyoanza 2003 na inayosomwa zaidi na wanawake, ina kundi zima la hadithi zinazotangazwa mapema kwamba mhusika mkuu hana mpenzi. Anapanda mlima, anapigana, anakosea, anafika juu, basi. Hizo ndizo za kutafuta, ingawa mdada wetu kwa sasa bado kang'ang'ania ya mwalimu, na bando ni lake.

Na siku mtu akiandika ya Kiswahili, binti aanzie mwaloni, sura ya ishirini awe na leseni yake ndogo ya uchimbaji, na akichoma zebaki awe na chombo cha kunasa mvuke. Mwalimu handsome anaruhusiwa kuja, ila mawe akaponde ya kwake.