Hati miliki haikuambii kama unaweza kufungua duka

Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, mashamba ya kahawa ya mji wa Ruiru, nchini Kenya, yamekuwa yakikatwa ploti moja baada ya nyingine. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini humo. Ile ya 2019 ikakuta 490,120. Watu wakiongezeka, wateja nao huongezeka, na mabroka hawakuchelewa kuliona hilo: ploti inayoitwa ya kibiashara huuzwa ghali kuliko jirani yake ya kujengwa nyumba ya kuishi. Anayeinunua kwa hiyo halipii udongo peke yake, analipia ruhusa ya kuutumia kwa biashara. Ajabu ni kwamba ruhusa hiyo ndiyo asiyoiulizia. Hufanya sachi katika ofisi ya ardhi, huona jina la muuzaji na kwamba hakuna mkopo wa benki juu ya ardhi, kisha moyo unatulia. Sachi imemwonyesha mwenye ardhi. Kinachoruhusiwa kujengwa hapo hutawaliwa na mpango wa kaunti na, kama ni ardhi ya lizi, na masharti ya lizi yenyewe, ambayo wengi husaini bila kuyasoma.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka anayebadilisha matumizi ya kiwanja apate kwanza kibali cha kaunti. Anayeanza ujenzi bila kibali anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili, mbali na kuamriwa kurudisha kiwanja kilivyokuwa. Pembezoni mwa miji kama Ruiru kuna mtego mwingine: ploti inayotangazwa kuwa ya maduka huenda katika vitabu vya serikali bado ni shamba, na mauzo ya ardhi ya kilimo yasiyoidhinishwa na bodi ya udhibiti wa ardhi ni batili kisheria.

Wapo watakaocheka. Mbona Thika mzima umejaa nyumba za kuishi zilizogeuzwa maduka, kliniki na baa, na kaunti yenyewe inawakatia leseni? Ni kweli, lakini leseni ya biashara humruhusu mtu kuuza bidhaa. Haibadilishi matumizi ya ardhi. Kuvumiliwa nako si haki ambayo muuzaji anaweza kukukabidhi pamoja na ufunguo. Agosti 2018 serikali ilibomoa majengo makubwa ya biashara Nairobi, likiwemo lile la Ukay Centre, Westlands, kwa kuwa yalisimama kwenye hifadhi ya mto, ingawa yalikuwa yamefanya kazi kwa miaka mingi mbele ya macho ya wote. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, ilikataa kumlinda mnunuzi aliyeshika hati ya kiwanja kilichogawiwa awali kinyume cha utaratibu. Matukio hayo hayakuhusu kanda za biashara, lakini yanaonyesha jinsi makaratasi na mazoea vinavyoweza kumwacha mtu mikono mitupu.

Hoja nzito zaidi ni ya anayesema ofisi za mipango ni za polepole, na kwamba atakayesubiri kibali atapokonywa ploti na mwenye haraka. Sina jibu la kumfurahisha, ila mkataba unaweza kumsaidia. Wakili aandike kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya kibali cha kubadilisha matumizi kupatikana, na kwamba kikikataliwa amana irudi. Muuzaji anayejinadi kwamba ploti ni ya kibiashara ndiye anayepaswa kubeba usumbufu wa kuithibitisha, pamoja na kukabili pingamizi lolote la majirani dhidi ya ombi hilo. Kaunti ya Kiambu nayo, inayotoza ada kwa kila ombi, haina sababu ya kutobandika ramani za kanda, namba za ploti zikisomeka, katika ofisi zake za Thika na Ruiru, ili mtu azikague kabla hajatoa hata shilingi ya amana.