Usanifu Usiouona Mfumo: Funzo la Kibera na Kawangware

Wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Methali hii yawafaa pia wanafunzi wa usanifu katika vyuo vikuu vya Nairobi. Aghalabu mwanafunzi huyo hufundishwa kuunda kitu kimoja kizuri: bomba, choo au jiko. Ni nadra afundishwe kufuata nyuzi zinazokiunganisha kitu hicho na vingine.

Mfano ulio wazi ni mfuko wa plastiki. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilianza kutekeleza marufuku dhidi ya mifuko ya kubebea bidhaa. Hatua hiyo ilikuwa ya busara, kwani mifuko iliziba mitaro na kuchafua mito. Hata hivyo, huko Kibera mfuko uo huo ulikuwa choo cha usiku kwa mtu aliyechelea kutoka gizani. Aliyetazama taka peke yake hakuliona suala la usalama wa mwanamke. Choo, taa ya njiani, mtaro na Mto Ngong unaoelekea Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, ni mnyororo mmoja.

Kadhalika Kawangware. Maji huuzwa kwa mitungi, mingine ikisambazwa kwa mikokoteni. Mwanafunzi akibuni kioski cha maji pasipo kuuliza hamali wa mkokoteni atakula nini, asistaajabu kazi yake ikipata wapinzani siku ya ufunguzi.

Vituo vya bayogesi vilivyojengwa Kibera kwa msaada wa Umande Trust vinadhihirisha njia bora zaidi. Kinyesi hutoa gesi ya kupikia, nayo ada ya watumiaji husaidia matunzo yanayosimamiwa na vikundi vya wakaazi. Lakini hata huko walikuwapo waliosita kupikia gesi ya aina hiyo. Itikadi za watu nazo ni sehemu ya mfumo.

Wapo watakaodai kwamba mtaala umejaa, na kwamba mwanafunzi aimudu kwanza stadi ya kuchora. Dai hilo lina uzito. Ila mchoro mzuri wa jambo lisiloeleweka ni hasara kwa atakayeishi nalo.

Hapa ndipo Kiswahili kinapohitajika. Usanifu hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali wakaazi huusimulia mnyororo huo kwa Kiswahili na Sheng. Dodoso lililotafsiriwa kijuujuu huambulia majibu ya kijuujuu. Idara za Kiswahili basi zina deni: kusanifu istilahi kama vile fikra za mfumo na uendelevu, na kuwafunza wenzao sanaa ya mahojiano ambayo watafiti wa fasihi simulizi wameizoea. Ingefaa mwanafunzi wa usanifu na wa Kiswahili wapelekwe pamoja katika mtaa mmoja kwa muhula mzima, wasikilize, wachore ramani ya uhusiano wa mambo, ndipo kifaa kibuniwe. Vyuo vikiendelea kuwatenga wawili hawa, Kibera na Kawangware zitazidi kupokea vifaa vilivyobuniwa kwa nia njema, visivyo na wa kuvitumia.