Risala ya Akina Mama wa Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mganga Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, wauguzi na wakunga, mabibi na mabwana.

Tunakushukuru kwa kuja kutusikiliza. Watoto wetu tunawabeba mgongoni hata baada ya kupita umri wa kubebwa, huku tukiambiwa ni mkosi au tumerogwa. Tumevumilia. Wataalamu wametueleza kuwa maambukizi kwenye mji wa mimba huamsha kinga ya mwili, na kemikali zake zaweza kuujeruhi ubongo mchanga au kumleta mtoto kabla ya wakati. Si mtindio wote una chanzo hicho, lakini chanzo hiki kinazuilika. Ndiyo maana tunaleta kwako maombi haya matano.

1. Kliniki ya wajawazito. Mara nyingi tunaambiwa vipimo vimekwisha, tukanunue nje. U.T.I. na kaswende huweza kukaa mwilini bila dalili. Tunaomba vipimo vya mkojo, kaswende na malaria, pamoja na vidonge vya SP vya kukinga malaria, visikosekane katika zahanati yoyote, na vitolewe bure kama sera inavyoelekeza.

2. Chupa kupasuka mapema. Baadhi yetu tulirudishwa nyumbani tukasubiri uchungu. Tuliporudi tulikuwa na homa na maji yananuka. Tunaomba mama wa namna hii alazwe, apimwe joto, aanzishiwe antibayotiki kwa wakati, na gari la wagonjwa lisikose mafuta.

3. Sindano ya magnesiamu. Imezoeleka leba kwa kifafa cha mimba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza apewe pia mama anayekaribia kujifungua kabla ya wiki 32, kwani humpunguzia mtoto hatari ya mtindio wa ubongo. Wengi wetu hatukuipata. Tunaomba wakunga wapewe mafunzo hayo na dawa iwepo.

4. Watoto wachanga. Tumeruhusiwa na vichanga waliokataa kunyonya, wakapata degedege nyumbani. Tunaomba wodi ya watoto njiti na wachanga wagonjwa, yenye oksijeni, taa za kutibu manjano na nafasi ya mama kumlaza mtoto kifuani.

5. Mazoezi ya viungo. Huduma iko hospitali ya mkoa tu, na nauli hutushinda. Tunaomba mtaalamu afike wilayani kila mwezi.

Mheshimiwa, haya yote yako ndani ya uwezo wa ofisi yako na bajeti ya halmashauri. Tunaomba majibu ya maandishi kwa kila ombi, ili wajawazito wa leo wasipitie tuliyoyapitia.

Tunaomba kuwasilisha.