Shujaa Mwenye Nikabu Aandikwe Upya



Mwulize mwanafunzi yeyote leo kuhusu mashujaa wa vitabu vya katuni vya Marekani. Atakutajia anayeruka angani, na yule anayepanda kuta kama buibui. Ni wachache watakaomtaja yule aliyevaa buibui, naye yupo tangu mwaka 2002. Jina lake ni Sooraya Qadir, msichana wa Kiislamu kutoka Afghanistan, na katika kundi la mashujaa waitwao X-Men anajulikana kama Dust, yaani Vumbi. Huvaa vazi jeusi la kumsitiri mwili mzima pamoja na nikabu, na anaweza kugeuka tufani ya mchanga. Kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa nyuma ya migongo ya wenzake, na kampuni ya Marvel haijampa mfululizo wa kudumu ulio wake mwenyewe. Kwa maoni yangu wakati wa kumpa umefika, kwa sharti kwamba aandikwe upya.

Kasoro ilianzia wapi?

Sooraya alibuniwa na mwandishi Grant Morrison na mchoraji Ethan Van Sciver, muda mfupi baada ya majeshi ya Marekani kuingia Afghanistan mwishoni mwa 2001. Siku zile televisheni za Magharibi zilionyesha sana picha za wanawake waliojifunika, na mara nyingi hawakuulizwa hata majina yao. Sooraya naye aliingia kitabuni kwa mtindo huo huo. Shujaa Wolverine anamkuta kati ya wafanyabiashara ya watumwa na kumtoa nchini kwao. Neno analolitamka ni la Kiarabu, turab, lenye maana ya vumbi, ilhali lugha kuu za Afghanistan ni Kidari na Kipashto. Kwa msomaji wa New York hilo ni jambo dogo. Kwa mtu wa Kabul ni kama kumchora mzee wa Lamu akizungumza Kizulu na wajukuu zake.

Baadaye Sooraya alijiunga na shule ya X-Men, na huko msichana waliyekaa naye chumba kimoja, Noriko, alimbana kwa maswali juu ya vazi lake. Alijibu kwamba amelichagua mwenyewe kwa ajili ya stara. Jibu ni zuri, lakini ukiyaondoa mazungumzo ya vazi, msomaji anabaki na nini? Binti huyu anapenda chakula gani? Anacheka na nani? Anaogopa nini? Tena baadhi ya wachoraji walimfunika uso huku vazi limembana mwili. Mwanafunzi yeyote wa kike wa madrasa angewaambia kwamba hiyo si stara.

Mfano wa kufuata upo

Jina la Ms. Marvel lilipewa kitabu chake mwaka 1977, likiwa la Carol Danvers. Mwaka 2012 Carol akachukua jina la Captain Marvel, na lile la zamani likabaki bila mwenyewe. Mhariri Sana Amanat, Mmarekani mwenye asili ya Pakistan, na mwandishi G. Willow Wilson, mwanamke aliyesilimu, walishirikiana na wenzao kulikabidhi jina hilo kwa Kamala Khan, binti wa miaka 16 wa mji wa Jersey City. Mfululizo wake ulianza 2014, ukapata tuzo ya Hugo mwaka 2015, na mwaka 2022 ukatengenezewa tamthilia ya televisheni.

Siri ya mafanikio hayo ni kwamba Kamala ana kwao. Ana mama mwenye wasiwasi, baba mwenye mapenzi na kaka mshika dini. Ana rafiki, Nakia, anayevaa hijabu ingawa baba yake mwenyewe angependa aivue. Anapopata uwezo wake anageuka kwanza mzungu mwenye nywele za dhahabu, kisha anatambua kuwa sura ya kuazima haimkai. Na anapokwenda kwa Sheikh Abdullah akitarajia kukaripiwa, sheikh anamnasihi awe jasiri, mkweli na mwenye huruma, na atafute mwalimu. Hapo msomaji Mwislamu anaona watu anaowajua.

Sooraya mpya aweje?

Kwanza, apewe kwao. Azungumze lugha ya mama yake, na atoke nyumbani kwa miguu yake bila kubebwa na mtu.

Pili, vazi lake lichorwe kwa adabu, kisha waandishi waliache lipumzike. Mwenye kuvaa nikabu hashindi kutwa akieleza kwa nini ameivaa. Ana masomo, ana marafiki, ana utani.

Tatu, apewe vita vya kweli. Tangu Taliban waliporudi madarakani Agosti 2021, wasichana wa Afghanistan wamefungiwa shule za sekondari, na mwishoni mwa 2022 wakafungiwa vyuo vikuu pia. Huku Ufaransa, sheria iliyopitishwa 2010 inakataza kufunika uso hadharani. Mmoja anamwambia binti wa Kiislamu: baki nyumbani, usisome. Mwingine anamwambia: funua uso ndipo upite. Sooraya akisimama katikati yao, nikabu usoni na kitabu mkononi, atawajibu wote wawili kwa pamoja. Dini iliyomfundisha stara ndiyo iliyomfaradhishia kutafuta elimu.

Wazazi wetu

Wapo watakaosema vitabu hivi ni upuuzi, au vinaharibu itikadi. Hofu hiyo ina msingi. Mfululizo wa The 99, ulioanzishwa Kuwait mwaka 2006 na Naif Al-Mutawa, ulipingwa na baadhi ya wanazuoni kwa sababu mashujaa wake walihusishwa na sifa za Mwenyezi Mungu. Mtoto afundishwe mapema kwamba uwezo wote ni wa Allah, na kwamba tufani ya Sooraya ni hadithi tu. Lakini katuni zimo tayari katika simu za nyumbani. Tukizifumbia macho, watoto wetu watajifunza sura ya Mwislamu kutoka kwa watu wasiowahi kuketi na Mwislamu.

Nanyi wanafunzi, hasa mabinti wenye mkono mwepesi wa kuchora na kuandika, msingoje Marvel. Kamala alipatikana kwa sababu mwanamke Mwislamu alikuwepo ofisini, akawasimulia wenzake maisha ya utotoni mwake. Chukueni daftari, mwandikeni msichana mnayemjua, kisha mleteeni ustadh wenu asome. Huenda toleo lijalo la jarida hili likapata kurasa za picha.

Wabillahi tawfiq.